Majina ya Nguvu ya Kazadi

Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba siku tulipompeleka Baba kwa daktari wa kampuni kwa mara tuliyodhani ni ya mwisho. Nyumba yetu ya Kapata, mtaa wa wachimba mgodi, ilikuwa ya mfanyakazi wa kampuni. Akitangazwa kwamba hafai tena, jamaa yake hufunga vitu na kupanda treni ya Kasai. Mimi nilizaliwa Kapata. Kasai, walikotoka wazee wetu, naijua kwa jina tu.

Jiwe lilimwangukia Baba mgodini, likampiga kichwani na mguuni. Mguu ulipona, maneno yakapotea. Alibakiwa na moja: "tatu". Akitaka maji, tatu. Akikasirika, tatu.

Daktari Nkulu, ndani ya abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alimwonyesha saa, kalamu, dirisha.

"Tatu," Baba akajibu kila mara.

"Sitwayeni," daktari akamwambia Mama, maana ndivyo kila mwananchi mwanamke alivyoitwa, "fasi ya maneno mu bongo imekufa. Nitaandika apumzike."

Kupumzika kulimaanisha treni.

"Docteur," nikasema, "bongo ya muntu, munaijua yote?"

Akacheka. "Mutoto wa diplome, unanipa mutihani?"

"Nauliza tu."

"Yote, hapana. Hata maprofesa ba Ulaya hawajui nusu."

"Basi ile ingine, nani alikuambia imekufa?"

Mama alinifinya mkono. Daktari hakucheka tena. "Niletee neno moja," akasema. "Moja tu, lisikuwe tatu."

Kwetu Waluba, mtu akiitwa kwa majina yake ya nguvu hakai kimya. Huitika kwa kuwataja waliomzaa. Lakini majina hayo ni ya arusi na ya furaha. Tangu ajali hakuna aliyemwita Baba hivyo. Kwa huruma tulimsemesha kwa sauti ya chini, kama mtoto mwenye homa.

"Mama, mwite," nikasema. "Vile unamwitaka ku ndoa."

"Hapa? Mu hospitali? Na muntu mugonjwa?"

"Hapa."

Mama akasimama, akakaza kitenge chake. Alianza kwa aibu, kwa Kiluba: Kazadi asiyegeuka mbele ya moto, Kazadi anayelisha nyumba ya wengine, wewe ni wa nani?

Baba akainua kichwa.

"Wa Tshilombo," akasema. "Tshilombo wa Ngeleka. Ngeleka wa Kalala." Sauti ilikuwa yake ileile, nzito, ya kuita watu kutoka mbali. Huko nje, kwenye foleni, mwanamke mmoja akapiga vigelegele.

Daktari aliinuka nusu, akaketi tena. Akaonyesha dirisha.

"Tatu," akasema Baba.

"Namna gani hii, docteur?" nikauliza.

Daktari akaigeukia karatasi yake. "Sijui."

"Basi andika vile."

"Karatasi ya kampuni haina fasi ya kuandika vile."

"Iko na pembeni."

Akaandika pembeni: arudi kuonwa baada ya majira ya mvua. Si kupona. Ni mvua moja zaidi ndani ya nyumba yetu, na mvua moja inatosha kuanzia.

Nyumbani tulimkuta Mama Mwamini, mchuuzi wa mtaa wa Manika, amekuja kununua kitanda cha Baba.

"Kitanda iko na mwenyewe," Mama akamwambia.

Sikufungua fundo la godoro. Nililikata kwa kisu cha jikoni, ile kamba isifae kufunga kitu tena. Baba alijilaza, akanyoosha mkono kuelekea mtungi. "Tatu," akasema.

Nikampelekea maji, nikamwita kwa majina yake yote, kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya mwisho ya mstari wetu.