Naomba Ruhusa Kwenda Chooni

Mama yangu, Azélie Guidroz, hakuwahi kuiacha ru, rojo la kuanzia mchuzi, peke yake jikoni. Ukishatia unga kwenye mafuta ya moto, unakoroga bila kuondoka mpaka rangi iwe ya kahawia iliyoiva. Ukizubaa kidogo inaungua, na iliyoungua haifai kwa mchuzi wa gambo, unaimwaga. Siku walipotupigia simu kwamba baba ameanguka kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, Mama aliisikiliza habari ile huku mkono mmoja unakoroga.

Alikuwa akinisemesha kwa Kifaransa, nami namjibu kwa Kiingereza. Nilikisikia kiasi, lakini hakutaka nikiseme. Nilipojaribu utotoni alinizaba kofi mdomoni. Badala yake, kabla sijaanza shule, alinifundisha sentensi moja ya Kiingereza: naomba ruhusa kwenda chooni. Niliirudia barazani kiangazi kizima mpaka ikakaa sawasawa. Mwenyewe hata misumari dukani alinunua kwa kunyoosha kidole. Nilidhani anapenda adabu tu.

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1971, akaja Bwana Pruett. Alikuwa mwalimu hapa kwetu bayuu, kwenye vijito vya kinamasi, enzi za ujana wake. Sasa amestaafu, yumo kwenye kamati ya shule. Serikali ya Luiziana ilikuwa imeamua Kifaransa kirudi madarasani, kilikopigwa marufuku tangu zamani.

"Bibi Guidroz, kila nyumba niliyopita wamekutaja wewe," alisema. "Uwafundishe watoto. Huu ni urithi wetu, tusiuache ufe."

"Wetu?" Mama aliuliza kwa Kifaransa, akikoroga ru bila kugeuka. "Wa yeye na nani?"

"Anasema atafikiria," nilimtafsiria.

"Sikusema hivyo, we Verna. Mwongo kama baba yako. Mwongeze kahawa."

Nikamwongeza. Alikunywa vikombe vitatu, akatusifia harufu ya vitunguu, akasimulia jinsi alivyowapenda watoto wa hapa. Kahawa yetu haina huruma kwa wazee. Mwishowe akasimama, akaweka mkono kwenye mkanda.

"Samahani, choo kiko wapi?"

Mwiko ukasimama.

"Mwambie aombe," Mama alisema.

"Aombe nini?"

"Ruhusa. Kwa Kifaransa."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Mama akageuka. Akaanza kusema kwa Kiingereza chake kile cha kuokoteza, neno moja moja, akimtazama mzee yule.

"Benchi la tatu. Miaka saba mimi. Mvua. Naomba kwenda. Wewe unasema, kwa Kiingereza. Mimi sijui Kiingereza. Naomba tena. Wewe unasema, kwa Kiingereza. Mara tatu. Halafu maji sakafuni. Wote wanacheka. Wewe unasema, vua shimizi, pangusa."

Bwana Pruett alibadilisha mguu wa kusimamia. "Yalikuwa maagizo, Bibi. Sote tulifuata maagizo. Kwa kweli sikumbuki."

"Utakumbuka nini?" Mama alisema. "Wewe ulirudi nyumbani mkavu."

Moshi ulianza kupanda nyuma yake. Niliinyooshea mkono sufuria.

"Usiiguse!"

Mzee alinitazama mimi, akitaka nimsaidie maneno. Nilikuwa nayajua, yalikuwa Kifaransa cha kila siku cha nyumbani. Mimi si mtu wa kuwa mkali kwa wazee, na nimejaribu mara nyingi kuiona siku ile kutoka upande wake. Lakini nilifunga mdomo. Alifungua wake, ukatoka upepo. Paji lilimlowa jasho.

"Mlango wa pili, kushoto," Mama alisema. "Nenda. Mimi siyo wewe."

Alikwenda. Aliporudi alichukua kofia yake, akatoka bila kuuliza kama Mama atafundisha.

Mama alibeba sufuria, akaimwaga ru nyeusi chini ya mtini, akaanza kusugua chuma kwa chumvi. Ndipo hasira ikanipanda mimi, tena si kwa Pruett.

"Maneno yake ukanipa. Yako ukaninyima. Nina miaka thelathini na tano, Mama, kwenye msiba wa mjomba, Nonki Ovide, nilikaa kama mgeni!"

"Ulikaa mkavu," alisema.

"Bora ningelowa!"

Aliisuuza chumvi. Kisha akarudisha sufuria motoni, akatia mafuta, akatia unga, akanipa mwiko mimi. Hakuwahi kunipa.

"Jumatatu nakwenda huko shuleni kwao," alisema. "Nitaanza na sentensi moja, kabla ya salamu, kabla ya Baba Yetu. Na wewe koroga. Iseme."

Nikaisema kwa Kifaransa, nikikoroga. Naomba ruhusa kwenda chooni.

"Vibaya," alisema. "Unaongea kama Pruett. Tena."