Nyimbo za Mapacha Nyumbani kwa Madamu Berthe

Colette aliomba maji kwa Kiluba badala ya Kifaransa, na Madamu Berthe, mwalimu wake wa chekechea, akaiita lugha ya washenzi, akamsimamisha mbele ya wenzake wamzomee. Tangu siku hiyo mtoto hakutamka tena neno la Kiluba. Bibi yake Alphonsine, aliyemlea kwa hadithi na vitendawili, sasa alijibiwa kwa kichwa tu. Na Berthe mwenyewe ni Mluba kama wao!

“Kisasi ni cha Mungu,” pasta alihubiri. Alphonsine akaitika amina, ila moyoni akamwomba Mungu amwazime kidogo.

Haikupita muda, binti wa Berthe akajifungua mapacha. Kwa Waluba, mapacha hupokewa kwa nyimbo za matusi, la sivyo wataugua. Na anayetukanwa hukatazwa kukasirika. Pale Panda, mtaani kwao, aliyebaki akizijua nyimbo hizo ni Alphonsine. Berthe akaja mwenyewe.

“Mama Alphonsine, fazali, kuya utuimbie mapasa.”

“Mu Kifaransa ao mu luga ya bashenzi?”

Berthe akainamisha macho.

“Nitakuya. Lakini wa kuitika, kurudilia kila ubeti, ni weye, Madamu.”

Siku ya nyimbo, ua wa Berthe ulijaa wazazi wa wanafunzi. Alphonsine alikuja amejipaka usoni chokaa ya mila ya mapacha, amemshika Colette mkono, maana alitaka mtoto ashuhudie. Akaimba kwamba Berthe ana kinywa cha chungu kilichopasuka, makalio makavu kama samaki wa mto Lufira, na kwamba alinyonya maziwa ya mama yake akayatapika mezani pa wageni. Vigelegele vikapaa.

“Itika!”

Berthe akafungua kinywa. Kiluba kilikwisha kumtoka.

“Itika, mwalimu! Ao tukurudishe ku maternelle, pamoya na batoto?”

Watu wakaangua kicheko. Alphonsine akaurudia ubeti makusudi, kisha akaurudia tena, akiuonja utamu wake, mpaka machozi yakamtoka Berthe.

Ndipo Colette alipochomoa mkono, akamwendea mwalimu, akavuta kitenge chake na kumnong’oneza ubeti ule. Kwa Kiluba. Berthe akayarudia maneno, moja moja.

Sauti aliyoililia Alphonsine imerudi, na imerudi upande wa adui.

“Kaku,” Colette akamwambia bibi yake kwa Kiluba, “imba polepole. Hajui.”

Alphonsine akajifuta uso. Akaimba polepole, kama alivyoombwa, wala hakuacha hata tusi moja.