Fimbo za Kaimu Mkuu wa Masjala

…au hii yenye kichwa kama kiatu cha mtoto, ya kupigia mbali au ya kusukumia mpira shimoni, na kwa nini mtu anayetaka tu kuondolewa neno kaimu kwenye cheo chake, kaimu mkuu wa masjala, mwaka wa tisa huu, mvi zake zimethibitishwa kazini kabla yake, lazima ajue mambo ya gofu, lakini mkurugenzi mpya amesema wakutane Jumamosi, uwanjani, "lile suala lako tutaliongea tukitembea," na katika ofisi ambayo hata kalamu huombwa kwa fomu ya nakala tatu, kumbe makubwa huamuliwa nyasini bila muhuri… "Baba, unanisikia lakini?" anauliza mama muuza vifaa vya michezo vya mitumba, "anayeanza hahitaji fimbo kumi na nne, saba zinamtosha, seti hii bei yake ya kawaida, hii nyingine nusu bei, za mkono wa kushoto, zimenikalia tangu mwaka juzi, wewe wa mkono gani?" wa mkono gani, angeulizwa namba ya jalada lolote angeitaja usingizini, anaandika kwa kulia, anasaini kwa kulia, lakini mswaki… mswaki na nyundo ni kushoto, na shangazi aliyemlea, Mungu amrehemu, aliufunga mkono ule kwa kitambaa chake cha kichwa, muhula mzima, "sitaki wakucheke, mwanangu," na alimpenda, hapo ndipo pagumu, alikaza fundo kisha akavipapasa vidole kama anaviomba radhi… "Jaribu basi, haing'ati!" anashika ya kulia, kiuno kinagoma, mabega yanagongana kama wageni mlangoni, anapiga gazeti lililofinyangwa kama mpira sakafuni, anakosa, mama anageuka kukohoa kicheko, "pole, baba, hilo gazeti lina bahati," basi anashika ya kushoto, ya kujaribu tu, ya nusu bei tu, na mwili unageuka wenyewe bila kuomba idhini, gazeti linaruka mpaka mlangoni, na badala ya furaha ni kizunguzungu, kama huyu ndiye yeye, anayesaini majalada miaka yote hii ni nani, na nani alimruhusu, na Jumamosi mkurugenzi atamwona na mkono ule, hadharani, haujafungwa… "Ehe! Umeona mwenyewe! Sasa nikufungashie ipi?" naye amekodoa macho sakafuni, anatafuta kitu kingine cha kupiga.