Yowasi na Shamba la Ndugu Wawili

Chumba chetu cha Ras Al Khor, hapa Dubai, kina vitanda sita na msanii mmoja, ambaye ni mimi. Yowasi naye hujiita msanii. Jumapili mchana, tukiwa mapumzikoni, hupunguza sauti ya filamu akaitafsiri kwa Kiswahili chake, kama wafanyavyo kwenye vibanda vya video kwao Uganda.

Jumapili hiyo filamu, ya Kiingereza, niliileta mimi. Ilihusu mchezo wa kuigiza wa zamani huko Ulaya, uliothubutu kuonyesha wanaume wawili wakipendana jukwaani bila kuadhibiwa mwishoni. Waigizaji wenyewe, wazee sasa, walikuwa wakisimulia.

Lawrence, dereva wa familia moja ya Mirdif, alikuwa amekaa kitandani kwangu. Mkataba wake khalas, umekwisha. Alhamisi anarudi Eldoret. Miaka miwili nimemtungia mashairi nisiyomsomea. Nilitaka filamu inisemee.

Filamu ikakutana na Yowasi.

"Jamani, hawa ni ndugu wa tumbo moja! Mkubwa kauza shamba la marehemu baba!"

Wapenzi wakakumbatiana jukwaani.

"Anamsamehe!"

Watazamaji wa enzi hizo wakatoka ukumbini kwa hasira.

"Mashahidi wa chifu hao, wamehongwa!"

Dancan, baunsa mwenye shingo kama gogo, akafuta machozi. "Shamba ni kitu kibaya, bro."

Hongera, Yowasi. Nusu karne ya ujasiri imegeuka kesi ya shamba.

Mwishoni mwigizaji mmoja alizungumza peke yake. Lawrence akasema, "Yowasi, pumzika. Mpe mshairi zamu."

Wote wakanigeukia. Mzee alikuwa akisema kwamba kila jioni alimwambia mwenzake anampenda, mbele ya watu mia tatu. Nje ya jukwaa hakuthubutu, na mwenzake akafa bila kujua.

Mimi, simba wa vina, nikakohoa. "Anasema... hati ya shamba imepatikana."

Chumba kizima kikapiga makofi.

Lawrence alinifuata kwenye sinki nikiosha vikombe. "Kiingereza nakijua, wewe. Madam wangu hasemi kingine. Yule mzee alisema nini?"

Nikatafuta ubeti. Ninazo mia mbili. Hata mmoja haukuja.

"Alisema alichelewa," nikamjibu. "Mimi sitaki kuchelewa. Ni wewe, Lawrence."

Akachukua kikombe mkononi mwangu, akakikausha polepole kuliko kikombe cha plastiki kinavyostahili.

"Miaka miwili nakungoja useme," akasema. "Halafu unamcheka Yowasi."