Nafasi ya Ukurasa wa Kwanza

Tangu Jumatatu asubuhi Nukta alikuwa hatulii. Aliinuka, akazunguka meza, akachungulia dirishani, akarudi kuandika mstari mmoja, kisha akaufuta. Gazeti la mji wao, linalotoka kila Ijumaa, lilikuwa linatimiza miaka arobaini na mitano, na yeye, mhariri wake wa pili, alitakiwa kuandika historia yake ijaze kurasa mbili kabla ya Alhamisi, siku ya kuchapa. Mhariri wa kwanza alikuwa baba yake. Ndiye aliyelianzisha, na ndiye aliyempachika bintiye jina la Nukta, kwa kuwa alizaliwa kitinda mimba, mdogo kama tone la wino.

Mambo mepesi alikwisha kuyaandika: jinsi baba alivyoanza katika chumba kimoja nyuma ya duka la misumari na rangi, akipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole; mashine ya kwanza, ambayo wafanyakazi waliiita Mama Mkwe kwa kuwa haikuridhika na kazi ya mtu yeyote; na lile toleo lililomwoza bibi harusi kwa mgeni rasmi, kwa sababu mstari mmoja ulihama. Watu wangecheka. Lakini historia haiwi vichekesho vitupu, kwa hiyo aliyashusha majalada ya zamani, akaanza kupekua mwaka baada ya mwaka.

Jumanne kabla ya adhuhuri alifika kwenye ukurasa alioujua kwa moyo. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa wiki aliyofariki mama yake, Nukta akiwa na miaka tisa. Picha ya mama ilikuwa pale pale juu kulia, amevaa gauni la madoadoa, na chini yake maneno machache ya baba. Mara ngapi alikuja kuitazama picha ile? Safari hii, alipoligeuza jalada lipate mwanga, karatasi iliyokunjwa mara nne ikadondoka.

Ilikuwa prufu, ile karatasi ya majaribio anayoisoma mhariri kabla gazeti halijachapwa. Ukurasa ulikuwa uleule, wa wiki ileile, ila mahali pa picha ya mama palikuwa na kichwa cha habari: "Tunamwomba radhi mwalimu." Maneno yaliyofuata yalisema kwamba mwalimu wa hesabu, ambaye wiki sita kabla gazeti liliandika kuwa ameuza mtihani, hakuuza kitu. Mwuzaji alikuwa mwingine, amekamatwa na amekiri. Gazeti lilikuwa limemkosea mtu.

Nukta alipekua toleo lililofuata. Hakuna. La baada yake, hakuna. Aliumaliza mwaka mzima akiwa amesimama wima, vumbi likimpanda puani, asione neno moja la kuomba radhi. Lakini ile habari ya kwanza, "Mwalimu auza mtihani", aliiona, kwa herufi nene kama vidole gumba.

Mtu mwenyewe alimjua. Mji mzima ulimjua, ingawa si kwa ualimu. Siku hizi alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilitazamana na posta.

Hakula mchana. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akamkuta sebuleni, mguu mmoja juu ya kigoda, anasinzia na redio.

"Baba, hii ni nini?"

Mzee alivaa miwani, akasoma, akaivua. Nukta akaanza kwenda na kurudi kati ya mlango na dirisha.

"Kaa, mwanangu. Unanizungusha kichwa."

"Sikai mpaka uniambie."

"Ilikuwa imeshapangwa," baba akasema. "Mashine ilikuwa inangoja. Ndipo wakaja kuniita hospitali. Niliporudi nikaitoa hii, nikaweka ya mama yako, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikasema, hii itatoka wiki ijayo."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Mwanzo nilikuwa na msiba. Kisha nikaona haya kwa kuchelewa. Kisha nikasikia ameacha kazi, nikajiambia, hata nikiandika sasa itamrudishia nini? Kosa ukikaa nalo sana unalizoea kama kilema."

"Ungemwambia hata kwa mdomo."

"Kwa uso gani? Mimi saa yangu ikiharibika naipeleka mji wa pili."

Hilo Nukta alilijua. Miaka yote alidhani ni ukaidi wa kizee tu.

"Usiliandike," baba akasema. "Ile ndiyo picha ya mama yako. Watu wataitazamaje tena?"

Swali hilohilo ndilo lililokuwa linamfukuza Nukta huku na huku tangu ile karatasi idondoke.

Jumatano asubuhi alipita mbele ya kibanda cha fundi saa mara mbili, kama mtu anayetafuta anuani. Mara ya tatu akaingia, akaamkia, akaweka prufu mezani kati ya saa mbili zilizofunguliwa matumbo.

Mzee yule aliisoma kwa lenzi yake ya kazi, neno kwa neno.

"Kwa hiyo aliipanga," akasema. "Miaka thelathini na mmoja nimedhani alikataa."

"Alichelewa, mwalimu. Halafu akaogopa."

Aliposikia kuitwa mwalimu, fundi alitua lenzi. "Ofisi ya elimu ilinisafisha kwa barua, binti. Ila barua ilisomwa na watu watatu, gazeti lilisomwa na mji. Siku moja naingia darasani, nakuta ubaoni pameandikwa: swali la kwanza bei gani? Watoto wa darasa la tatu wale. Niliweka chaki chini, nikatoka."

"Nikiandika leo, nitawakumbusha waliosahau."

"Nani amesahau? Wamenyamaza tu. Mpaka leo mtu ananiachia saa yake, ananitania, usije ukaiuza. Yeye anacheka, na mimi nacheka." Aliikunja prufu kwa mikunjo yake ya zamani. "Mama yako nilimzika. Nilisimama nyuma kabisa. Siwezi kugombea nafasi na marehemu. Lakini iwe ukurasa wa kwanza, na herufi ziwe nene kama zile."

Alhamisi Nukta aliiweka habari ile ukurasa wa kwanza. Mfanyakazi aliyekuwa akipanga kurasa alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama yeye.

"Mzee anajua?"

"Nimemwambia sitaki kunyamaza. Kwamba ni leo, hajui."

Alitoka nje, akarudi, akanywa maji asiyokuwa na kiu nayo. Saa nane mchana simu ikalia. Alikuwa baba.

"Umeacha nafasi kiasi gani?"

Nukta alikaa chini, mara ya kwanza siku ile. "Mistari kumi na miwili."

"Ongeza miwili. Andika: Kosa hili ni langu mimi niliyekuwa mhariri. Nilijua ukweli, nikaukalia."

Ijumaa gazeti lilitoka. Wapo waliosema Nukta amemvua nguo baba yake hadharani. Wapo waliosema heri. Mwanamke mmoja mtu mzima alisimama mbele ya posta, akavuka barabara, akamwambia fundi kwamba alisoma darasa lile la tatu. Hakusema mengine, na fundi hakumwuliza.

Jumamosi baba aliomba apelekwe kwa fundi saa. Nukta alimshika mkono hadi mlangoni, akataka kuingia naye, mzee akamzuia. Basi akabaki kibarazani akihesabu hatua, kutoka nguzo hadi nguzo, huku ndani sauti mbili za kizee zikisikika, maneno hayasikiki. Kiti kilikuwa kimoja. Alipochungulia, baba yake ndiye aliyekuwa amekikalia, na fundi amesimama.

Njiani hakumwuliza. Walikaribia nyumbani ndipo baba akasema mwenyewe.

"Amesema nimechelewa."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo. Na ni kweli."

Nukta alimfikisha sebuleni, akamwekea kigoda. Kisha akarudi ofisini, ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Majalada bado yalikuwa sakafuni, miaka kumi na minne ya uhariri wa baba ambayo hajaigusa. Hakujua anatafuta nini, wala kama anataka kukipata. Alifungua dirisha, akakunja mikono ya blauzi, akalivuta jalada lililokuwa karibu.