Kikao Alichokiitisha Bi Mkasi

Jina la Bi Mkasi alilipata kiwandani, nalo likamganda hata baada ya kustaafu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkataji wa vitambaa. Alikuwa akitandaza safu arobaini za kitambaa mezani, anachora kwa chaki, kisha anapitisha kisu cha umeme kama mtu anayekata mkate laini. Mkono wake haukukosea. Jioni akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni na kwenda jikoni moja kwa moja, maana mumewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu mwema asiyelewa, asiyepiga wala kutukana, lakini jikoni kwake kulikuwa nchi ya ugenini.

Kitindamimba wake alipompigia simu kusema kwamba likizo ya uzazi ya mkewe inakwisha, na kama Mama angeweza kuja kukaa nao mwezi mmoja amwangalie mjukuu, Bi Mkasi hakungoja kubembelezwa. Alifungasha siku hiyo hiyo. Mkwe wake alikuwa dereva wa kreni, wale wanaokaa kwenye kibanda cha kioo juu kabisa ya jengo linalojengwa, wakinyanyua vyuma na zege kama wewe unavyonyanyua kikombe. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Nyumba ya mwanamke wa namna hiyo, Bi Mkasi alijisemea njiani, lazima iwe shaghalabaghala, na mwanangu atakuwa amekonda kama uzi.

Alimkuta mwanawe amenenepa. Kijana huyo alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nepi zilikuwa zimeanikwa kwa mstari ulionyooka. Chupa za mtoto zilikuwa zimechemshwa na kufunikwa kitambaa safi. Asubuhi ya pili Bi Mkasi alimkuta akipiga pasi ovaroli ya mkewe, akanyoosha mkono ili ampokee. Mwanawe akacheka, akamwambia apumzike, kazi hiyo anaijua.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkaba kooni lilikuja jioni. Mkwe aliingia, akaketi kwenye kibao cha mlangoni na kuanza kufungua kamba za buti. Mumewe akaweka chini spana, akafuta mikono, akamuuliza, "Leo huko juu ilikuwaje?"

Mkwe akamweleza. Upepo ulipanda saa nne, boriti moja ikayumba, na yule mtoa ishara wa chini akapunga mkono wa kulia badala ya kushoto. Mume akauliza boriti ilikuwa na uzito gani. Akauliza kama mtoa ishara ni yule yule wa wiki iliyopita. Robo saa nzima watu wawili walizungumza habari za boriti, na Bi Mkasi, mjukuu mapajani, akahisi kitu kikimpanda kifuani kama kiungulia.

Mwanzoni alikiita kitu hicho uchungu wa mama. Mwanangu amekaliwa, alijiambia. Mwanangu hana sauti kwenye nyumba yake. Lakini alipojiuliza kwa nini uchungu huo hauji mwanawe anapofua, unakuja mkwe anapoulizwa habari za kazi yake, hakupenda jibu, akaliacha hapo hapo.

Mtu akiliacha jibu njiani, litamfuata nyumbani. Bi Mkasi akaanza kuhesabu. Alihesabu mara ambazo mwanawe aliinuka mtoto alipolia na mara ambazo mkwe alibaki ameketi. Alirudia kuviosha vikombe alivyoosha mkwe, tena mbele yake. Mkwe akisimulia kichekesho cha kazini, yeye alikuwa na uzi wa kuutafuta sakafuni. Kwa jirani, mama mmoja mshona viatu, alisema mambo ambayo mengine yalikuwa kweli na mengine yalitiwa chumvi hadi yakawa machungu. Mkwe aliona yote, akanyamaza, maana alihitaji mtu wa kumshika mtoto, na bibi anashika vizuri.

Wiki ya tatu mkwe alirudi na habari. Alikuwa ameteuliwa msimamizi wa madereva wote wa kreni pale kazini. Wanaume saba na yeye juu yao. Mumewe alimnyanyua mtoto, akamzungusha hewani hadi akacheua, kisha papo hapo akaanza kupanga. Atafungua karakana mapema kuliko kawaida yake, atafunga mapema pia. Hakuuliza swali hata moja lenye chakula ndani yake.

Bi Mkasi alitoa pongezi zilizotoka kama jino. Akaenda uani nyuma ya kamba ya nguo, akampigia mumewe simu. Mwalimu, njoo, na uje na mdogo wako. Mtoto wetu anaharibika.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi. Mdogo wake Mwalimu, ambaye wote humwita Baba Mdogo, alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu na alipenda kikao kuliko chakula. Alikuja na daftari. Mkwe alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku, wiki yake ya kwanza katika cheo, naye aliketi na ovaroli yake tayari kurudi kazini. Friji mbili zilizofunguliwa tumbo zilikuwa zimesogezwa ukutani ili wazee wapate nafasi.

Baba Mdogo alizungumza kirefu. Alisema usawa ni jambo jema, hakuna anayeupinga, hata serikali inaupenda, ila nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili. Kitindamimba alimjibu kwa adabu kwamba kichwa hakipungui kikiinamia beseni. Baba Mdogo akaandika hilo, ingawa haikujulikana kama ni kwa kulipinga au kwa kulipenda.

Ndipo mkwe akazungumza, naye hakumwangalia Baba Mdogo.

"Mama, wewe ndiye uliyewaita wazee. Nimekukosea nini? Nitajie hata moja."

Kalamu ya Baba Mdogo ikasimama. Wote wakamgeukia Bi Mkasi. Alikuwa na orodha kichwani, ameipanga kama safu za kitambaa: vikombe, nepi, kuketi, kuchelewa. Akafungua kinywa aianze, akaona kila kipengele ni makosa ya mtu mwingine au si kosa kabisa. Akashusha pumzi.

"Hujanikosea," alisema. "Ninakuonea wivu."

Baba Mdogo akauliza taratibu kama hilo nalo aliandike.

"Wivu wa nini, mke wangu?" Mwalimu aliuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa tu. "Kwangu ulikosa nini?"

Bi Mkasi akamwambia. Mwaka kitindamimba wao alipoanza shule, meneja alimwita ofisini akampa barua ya kuwa msimamizi wa ukumbi wote wa kukata. Aliileta nyumbani ndani ya mkoba, akamweleza Mwalimu wakati anakula. Mwalimu akasema vizuri sana, kisha akauliza, sasa chakula cha jioni atapika nani? Akaongeza mboga kwenye sahani. Kesho yake Bi Mkasi aliirudisha barua. Kazi akapewa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kisu.

"Lakini mimi niliuliza tu," Mwalimu alisema. "Hukusema kwamba unaitaka."

"Uliuliza swali lenye jibu moja, Mwalimu. Na jibu lenyewe lilikuwa mimi."

Mwalimu alitazama mikono yake. Huyu ni mtu aliyesimama kila Jumatatu mbele ya shule nzima akiwaambia wasichana wasome, kwamba wanaweza kuwa chochote, na alikuwa akimaanisha kila neno. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaombea wasiachishwe masomo. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno yale yangeweza kuvuka kizingiti cha mlango wake. Aliinuka, akasema anahitaji hewa, akatoka nje na kusimama kando ya ukuta kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Mtu angetarajia mkwe amkumbatie mama mkwe wake. Hakumkumbatia.

"Mama, nimekusikia, na nakuonea huruma kwa dhati," alisema. "Lakini umeniweka kizimbani mbele ya wazee kwa sababu nimepata ulichokosa. Nimekasirika. Sitakuficha." Akambusu mtoto, akaenda kazini.

Wazee waliondoka mchana. Mwalimu alimuaga mkewe kwa sauti ya chini, bila kumwangalia vizuri. Siku tatu zilizofuata mkwe alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu ya namna hiyo ni baridi kuliko matusi. Siku ya nne Bi Mkasi alimwomba msamaha jikoni, bila kuzunguka, akataja mpaka maneno aliyompelekea mshona viatu. Mkwe akasema ameupokea, ila ampe muda. Alimpa.

Akiwa katika kumpa muda, Bi Mkasi alikwenda kupeleka viatu vya mwanawe vikashonwe, na mshona viatu akamwambia kwamba mtaa wa tatu kuna karakana ya sare za shule iliyokwama kwa kukosa mkataji. Alikwenda kuona tu. Mwenye karakana, binti wa miaka thelathini hivi, alimpa kisu ajaribu. Bi Mkasi alikata safu ishirini za suruali, na binti akapanga vipande kimoja juu ya kingine, akakuta vinalingana hadi pembeni.

Jioni ile aliitangaza habari mezani. Hakuomba ruhusa. Jumatatu na Alhamisi hatakuwepo.

Mkwe akaweka kijiko chini. "Na mtoto, Mama?"

Swali lilimtoka kabla hajalifikiri, na uso ukambadilika alipolisikia mwenyewe. Mumewe alitazama sahani. Bi Mkasi angeweza kusema mengi, na kwa dakika moja tamu aliyafikiria yote.

"Samahani," mkwe alisema mwishowe. "Hilo ni letu sisi wawili." Akamgeukia mumewe, na mabishano yao juu ya Alhamisi yaliendelea wiki nzima, mara yeye anakasirika, mara mumewe, hadi walipopata mama wa jirani wa kumlipa kwa siku hizo. Katikati ya mabishano hayo, bila mtu kupanga, mkwe alianza tena kuzungumza na mama mkwe wake kama mtu.

Mwezi mmoja ukawa mitano. Mwalimu alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mwanzoni alijitetea, kisha akaacha kujitetea, kisha akasema kwamba amepanga chumba karibu na karakana ya sare, kidogo lakini kina dirisha zuri, na kama mkewe hapendi ataelewa. Bi Mkasi alimwambia aje kwanza, mengine wataona.

Wivu haukumtoka. Kuna jioni alisikia mwanawe na mkwe wakicheka chumba cha pili juu ya jambo la kazini, na kiungulia kile kikampanda tena kama siku ya kwanza. Hakukiita tena uchungu wa mama. Alikaa nacho, akakunja nguo zake za kesho, maana kesho ilikuwa Alhamisi na kulikuwa na sketi mia mbili za kukata.