Dole Gumba la Kulia

Kiwandani walimwita Bi Kasi, maana kwenye kukata maboksi hakuwa na mpinzani. Miaka tisa mashine ile ile. Mwaka wa sita ikamla dole gumba la kulia, lote, mpaka kwenye shina. Meneja akaandika kwamba aliumia nyumbani akipasua kuni. Bi Kasi akafunga bandeji, akameza, akarudi kazini.

Kilichomshinda kumeza ni shoga yake wa mashine ya pili kuponea chupuchupu kukatwa kiganja. Akaenda kwa meneja kudai kifuniko cha kukinga mikono, kilichong'olewa mashineni, kirudishwe. Kesho yake mlinzi akamzuia getini.

"Dada, nimeambiwa umeacha kazi mwenyewe."

"Nimeacha lini, na mimi ndiye huyu nimekuja?"

Ndiyo wakafikishana ofisi ya kazi, kwenye meza iliyowekewa kipande cha boksi mguuni isiyumbe. Meneja akatoa barua: ninaacha kazi kwa hiari yangu. Tarehe ya wiki iliyopita. Chini, dole gumba la kulia, la wino wa bluu, kila mstari unaonekana.

"Hili ni lako, mama?" afisa kazi akauliza.

Bi Kasi akakumbuka siku yake ya kwanza kiwandani. Karatasi kibao, nyingine tupu, bonyeza hapa, bonyeza na hapa, naye kusoma hajui na kazi anaitaka.

"Ni langu."

Meneja akatabasamu. "Umesikia mwenyewe, mheshimiwa."

"Langu kabisa." Akatoa mkono chini ya mtandio, akauweka mezani. "Muulize wiki iliyopita alilipata wapi. Mimi nalitafuta mwaka wa tatu huu."

Meneja akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuja nacho.

Afisa akaitupa barua pembeni, akaandika: arudishwe kazini Jumatatu.

"Na kifuniko, baba?"

"Hicho ulete malalamiko mengine, mama. Leo tumekaa kwa ajili ya barua."

Karani akamsogezea kidau cha wino bila kuinua macho. "Bonyeza hapa. Dole gumba la kulia."

Bi Kasi hakusogea. Karani akatazama, akaona.

"Aa. Basi hilo lililobaki."

Akalibonyeza. Akalifuta wino taratibu kwa pindo la mtandio, kama anayemwogesha mtoto. Jumatatu anarudi nalo kwenye mashine ile ile.